Uzi maalumu: Kufufua nyembe za zamani za kukunja nyumbani, tangu kutu hadi makali

#1 Mnoaji

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo linaloniuma. Kila mara naona picha za nyembe za kukunja, zile ndefu zinazolala ndani ya mpini wake, zimekaa miaka mia kwenye droo bila kufa, halafu zinakufa ndani ya saa mbili mikononi mwa mtu aliyezipenda. Nami nimeua mmoja. Ulikuwa wembe wangu wa kwanza. Niliubana kwenye gurudumu la mashine la kung'arishia, ukatoka unang'aa hadi unajiona uso, nikafurahi. Nilipoupeleka kwenye kinoo, sehemu ya mbele haikushika makali kabisa. Nilinoa siku tatu. Mwisho nilipoutazama juani nikaona ncha ina rangi ya samawati, kipande kama upana wa ukucha.

Rangi ile ni joto. Nyembe hizi ni feleji yenye kaboni nyingi: ilipashwa moto hadi ikawa nyekundu, ikazimwa ghafla, kisha ikapashwa tena taratibu kwenye nyuzi 150 hadi 200 hivi za Selsiasi ili isiwe inavunjika kama kioo. Ukiipitisha hapo, ugumu unaondoka na haurudi mpaka uanze upya tanuruni. Manjano ya majani makavu hutokea nyuzi mia mbili na kitu, samawati karibu na 300. Ukingo wa wembe ni mwembamba mno, hauna pa kulipeleka joto, kwa hiyo unafika huko kwa sekunde chache.

Tangu siku ile nafanya kazi kwa mkono, na nina msimamo mmoja ambao nitaurudia humu hadi mchoke: mng'aro si kazi yenyewe. Kazi ni makali, na makali yako mikononi mwa mgongo. Wembe huu haunolewi kama kisu, eti ukadirie pembe kwa jicho. Unalazwa bapa juu ya kinoo, mgongo unagusa na makali yanagusa, basi. Unene wa mgongo ndio unaopanga pembe. Wembe wenye upana wa milimita 18 na mgongo wa milimita 5 unakupa pembe ya digrii kama 16, na aliyeufua alipanga iwe hivyo. Kila unaposugua mgongo ili ung'ae, unaivuruga hesabu hiyo.

Kabla hujagusa msasa, tafuta ufa. Wembe wenye ufa kwenye makali usiufufue, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Ufa huwa mwembamba kuliko unywele na kutu huuficha. Pakaa mafuta mepesi ubapa wote, acha dakika kadhaa, futa pakauke kabisa, kisha subiri. Penye ufa mafuta yatarudi juu yakichora mstari. Rudia mara mbili chini ya mwanga mkali.

Kisha tazama vishimo vya kutu viko wapi. Vikiwa katikati ya ubapa, ni makovu tu. Vikiwa milimita moja au mbili kutoka kwenye makali, kila utakaponoa utakuwa unakutana na kimoja, na ukingo utakuwa unamegeka.

Karibuni na maswali, picha, na hata ubishi.

#2 Mwanagenzi

Mkuu Mnoaji, asante sana, hapa ndipo nilipokuwa napatafuta. Mimi ninao mmoja. Upana wake nimepima ni milimita 16, kwenye shina (kile kipande kisicho na makali, kati ya ubapa na ribiti ya mpini) pameandikwa jina ambalo halisomeki vizuri na chini yake neno Germany. Mpini ni mweusi, sijui ni wa nini. Kutu ni nyekundu pande zote mbili, ila karibu na shina kuna weusi pia.

Kuna mtu kaniambia niutumbukize kwenye siki usiku mzima, asubuhi kutu yote itakuwa imetoka. Nifanye hivyo? Na je, naweza kujua ni wa mwaka gani?

#3 Mnoaji

Ndugu Mwanagenzi, usiutumbukize. Siki inatoa kutu, hilo ni kweli, lakini ni asidi na haichagui. Ikimaliza kutu inaendelea na feleji, na inaanzia pale palipo pembamba, yaani makali. Asubuhi utakuta ubapa umekuwa wa kijivu, vishimo vimeongezeka kina, na maandishi ya shina yamefifia. Kama huna njia nyingine, paka kwa pamba kwenye doa lenyewe, dakika chache huku unatazama, kisha suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha na upake mafuta papo hapo. Mimi siigusi.

Ule weusi karibu na shina usiuchukie. Kutu nyekundu ndiyo inayokula, inashika unyevu na kuendelea chini kwa chini. Weusi uliotulia, usiotoa unga ukipitisha kidole, mara nyingi unaukinga wembe. Uache.

Fanya hivi. Kwanza funika makali kwa tepu, kwa sababu wembe butu wa miaka themanini bado unakata nyama. Paka mafuta ya cherehani, acha usiku mzima (hapa ndipo usiku mzima unapofaa). Asubuhi sugua kwa stilwaya laini kabisa pamoja na mafuta hayohayo, ukienda kwa urefu wa wembe, kamwe usielekee kwenye makali. Utashangaa ni kiasi gani kinatoka bila msasa. Kilichobaki ndicho cha msasa wa maji: anza na namba ndogo kadiri kutu inavyodai, lakini chini ya 400 usiende kama hujui unachofanya, kisha 600, 800, 1000, 1500, 2000. Zungushia kipande cha msasa kwenye kizibo cha chupa ili kifuate lile bonde la ubavuni. Usihame namba mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia imeisha yote. Watu wengi wanaharakisha hapo halafu wakifika 2000 wanaona michirizi ya 400 inawatazama.

Usiguse mgongo. Usiguse shina penye maandishi. Kama kuna dhahabu au nakshi kwenye ubapa, usipitishe hata kitambaa chenye dawa ya kung'arishia, kwa maana ile dhahabu ni utando tu, mara moja unaondoka.

Kuhusu umri: neno Germany linasaidia. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa kutoka nje zionyeshe nchi zilikotoka, na ikaanza kutumika kwa alama hizo mwaka 1891. Viwanda vya Ujerumani na Uingereza vilivyouza huko vikaanza kugonga jina la nchi. Kwa hiyo wako huenda ni wa baada ya hapo. Kwa nyembe za Sheffield, mji wa Uingereza, kuna alama ya zamani zaidi: herufi za mfalme au malkia. WR ni William wa Nne, 1830 hadi 1837. VR ni Victoria, 1837 hadi 1901. Umbo nalo husema: nyembe nzito zenye ubavu karibu ulionyooka kama kabari ni za awali, zile zenye mashavu yaliyochimbwa ndani sana zilienea kuelekea mwisho wa karne ya 19.

#4 FundiTupa

Mnoaji, nakuheshimu ila hapa nitapinga. Mimi natumia mashine miaka yote na sijachoma wembe hata mmoja. Siri ni kutovaa glovu kwenye mkono unaoshika ubapa, kuwa na ndoo ya maji pembeni, na kuchovya kila baada ya sekunde mbili tatu. Vidole vyako vikiona moto, feleji bado haijafika hata nyuzi 70. Kidole ni kipimajoto kizuri kuliko vyote.

Halafu wembe wenye makovu kila mahali, kwa msasa wa mkono utaumaliza lini? Kuna watu wana kazi na familia. Na mng'aro si urembo tu, uso laini haushiki maji na sabuni, kwa hiyo kutu inachelewa kurudi.

#5 Mnoaji

FundiTupa, la uso laini nakubaliana nawe kabisa. La kidole pia nakubali kwa ubapa. Ila kidole kiko kwenye ubapa na joto liko kwenye ukingo, na kati yake pana chuma chembamba kuliko karatasi. Taarifa inakuja imechelewa.

Na kuna hatari nyingine ambayo hujaitaja, nami naomba kila anayesoma aizingatie. Gurudumu la kitambaa linanasa ukingo. Likinasa, wembe haukungoji, unakutoka mkononi na kurudi ulikosimama. Wewe mwenye mkono wa miaka mingi unajua kushikilia makali yakiwa yameelekea kule gurudumu linakoondokea. Anayeanza hajui. Ndiyo maana humu sitamshauri mtu yeyote mgeni aende kwenye mashine.

Kuhusu muda: wembe mmoja kwa mkono unanichukua kama saa kumi hadi kumi na tano, kidogokidogo jioni. Sioni kwamba zimepotea.

#6 FundiTupa

Hilo la kunasa ni kweli, na ningepaswa kulisema kwanza. Wageni, msianze na mashine. Mkitaka kuitumia baadaye, simameni pembeni, kinga ya macho, na makali yaelekee chini kufuata mzunguko, yasikutane nao. Nabaki na msimamo wangu kwa wenye uzoefu.

#7 BintiSeremala

Naona wote mmeng'ang'ania feleji. Mimi ni mtu wa mipini, naomba nafasi.

Mwanagenzi, kabla ya yote jua mpini wako ni wa nini, kwa sababu unaweza kuwa ndio unaokulia wembe. Mwanzoni mipini mingi ilikuwa ya pembe za ng'ombe na nyati, mifupa, mpingo, na pembe za ndovu kwa wenye nacho. Halafu ikaja seluloidi, ambayo John Wesley Hyatt aliipatia hataza Marekani mwaka 1870, na ikaiga kila kitu: pembe, kobe, ndovu. Seluloidi ikizeeka vibaya inaoza yenyewe na kutoa mvuke ambao ukikutana na unyevu unakuwa asidi ya nitriki. Dalili yake ni hii: kutu ipo tu pale wembe unapofunikwa na mpini, na shina liko safi. Ukisugua mpini kidogo kwa kitambaa utasikia harufu ya kafuri. Ukiona nyufa ndogondogo kama buibui na harufu kali ya kuchoma pua, utoe mpini huo leo hii, na usiuweke boksi moja na nyembe nyingine, maana mvuke utazifuata nazo. Tena seluloidi inashika moto haraka sana. Usiisugue kwa mashine, usiisogeze karibu na jiko.

Pembe ya mnyama ukiishika mbele ya taa kali utaona nyuzinyuzi ndani yake. Pembe hukauka, inapinda, na wadudu huitoboa. Iliyokauka ipake mafuta na uiache siku kadhaa inywe. Iliyopinda ilainishe kwa maji ya moto (si ya kuchemka), ibane kati ya mbao mbili zilizonyooka mpaka ipoe kabisa. Ukiharakisha kuitoa itarudi ilivyokuwa.

Ukilazimika kuvunja ribiti: tia tupa kwenye kichwa cha ribiti upande mmoja tu hadi kiwe sawa na washa, kisha isukume itoke kwa msumari butu huku mpini umelazwa juu ya ubao wenye tundu. Usiing'oe kwa koleo, mpini utapasuka. Pini mpya ni waya wa shaba ya njano wa milimita 1.6. Kata ubaki urefu wa kama milimita moja juu ya washa, weka juu ya kipande cha chuma kigumu, na gonga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Gonga kwa kubembeleza, mara mia, ukizunguka ukingo wa pini. Mapigo mazito mara tano yanapinda pini ndani ya mpini na hutaona mpaka umemaliza.

Jambo la mwisho, tafadhali msilipuuze. Ile kabari ndogo mwishoni mwa mpini, kwenye nyembe nyingi za zamani ni ya madini ya risasi. Usiisugue kavu ukavuta vumbi lake, usile wakati unafanya kazi, nawa mikono.

#8 Mwanagenzi

Dada, nimefuata. Harufu ya kafuri ipo. Nyufa bado, lakini kutu yangu iko hasa pale panapofunikwa na mpini, kama ulivyosema. Sikulala, nimeshatoa ribiti jana usiku. Mpini nimeuweka kwenye chombo chenye maji, peke yake, nje ya chumba.

Kipimo cha mafuta nimefanya mara mbili, hakuna ufa. Swali: mtu aliyeutumia zamani simjui. Naweza kunyolea kweli? Niuchemshe?

#9 BintiSeremala

Umefanya vizuri kuutenga. Kwa seluloidi inayooza huwa nauaga tu, natengeneza mpini mwingine wa mbao. Utengenezaji wake nitauandikia uzi wake.

Wembe wenyewe osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, hasa pale palipokuwa na ribiti. Kisha futa kwa spiriti ya asilimia 70, acha ikauke yenyewe. Kwa virusi, miaka ya drooni imeshafanya kazi kubwa: virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo ni vigumu kufa, huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, si miongo. Hatari iko zaidi kwenye kuazimana leo. Wembe ukishakuwa wako, usimwazime mtu. Na usiloweke kwenye dawa yenye klorini, inakula feleji ukiona.

#10 Mnoaji

Sasa tufike kwenye kinoo, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Kinoo kwanza kiwe bapa kikweli. Chora mistari ya penseli uso mzima, weka msasa wa maji juu ya kioo kinene, sugua kinoo juu yake kwa maji. Penseli ikifutika kote, kiko tayari. Ikibaki katikati, kinoo kina bonde na kitakupa makali ya uongo.

Weka tabaka moja la tepu ya umeme kwenye mgongo kwa hatua ya kwanza, ili mgongo usilike bure. Kisha fanya jambo ambalo litakuumiza moyo: pitisha makali wima, kwa uzito wake tu, juu ya ukingo wa kioo mara moja au mbili. Unayaua makali ya zamani, yaliyooza kwa kutu ya ndani. Makali mapya yanajengwa juu ya feleji nzima.

Anza na kinoo namba 1000. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Namba za juu zinalainisha tu kile ambacho 1000 imejenga. Kama haijajenga, utasugua hadi 12000 na wembe utaendelea kung'oa ndevu badala ya kuzikata. Piga wino wa kalamu nene kwenye ukingo, pande zote mbili, pitisha mara tano, tazama. Wino uliobaki unakuonyesha pasipogusa kinoo. Kama umebaki kwenye ncha au kisigino (mwisho wa makali ulio upande wa shina), wembe wako haujanyooka, na karibu nyembe zote za zamani ziko hivyo. Usikandamize ili ulazimishe. Badilisha mwendo: anza na kisigino kikiwa juu ya kinoo, sukuma makali yakitangulia huku unauvuta wembe upande, ukimaliza ncha iwe ndiyo iliyo juu ya kinoo. Ukifika mwisho geuza kwa kuzungusha mgongo, si makali.

Utajua umemaliza 1000 wembe utakapokata vinyweleo vya mkono bila kugusa ngozi, kutoka kisigino mpaka ncha, pasipo kuruka mahali. Hapo toa tepu uweke mpya kabla ya kupanda, tepu iliyolika inabadilisha pembe. Kisha 3000 au 4000, 8000, na ukipenda 12000. Kila unavyopanda punguza mkono, mwisho wembe uende kwa uzito wake wenyewe.

Wapo wanaomalizia kwa mawe ya asili. Mimi nina kipande cha lile la manjano kutoka Ardennes, Ubelgiji, ambalo chembe zake zinazokata ni za ganeti. Linaenda polepole ila ngozi inalishukuru.

Mwisho ni mkanda wa ngozi. Huku mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma, kinyume cha kinoo. Mara 20 kwenye kitambaa cha katani, mara 50 kwenye ngozi, mkanda umekaza. Ukiulegeza mkanda unapinda na kuyazungusha makali uliyoyatafuta siku nzima.

#11 FundiTupa

Post hii ya kinoo naihifadhi. Niongeze moja: anayekuta ukingo umejipinda kwa ndani katikati, kama uso uliokunjamana, asihangaike na ule mwendo wa kuvuta upande. Atalazimika kuula ukingo hadi unyooke, na hapo upana utapungua na pembe itabadilika kidogo. Kama bonde ni zaidi ya milimita moja, pima kwanza kama unastahili.

#12 Mwanagenzi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano.

Kutu nyekundu imetoka yote. Weusi wa karibu na shina nimeuacha. Vishimo viwili vimebaki ubavuni, mbali na makali. Jina la kwenye shina sasa linasomeka. Nimetengeneza mpini wa mbao, ribiti ya kwanza nilipinda, ya pili imekaa, na wembe unaingia katikati bila kugusa upande wowote.

Leo asubuhi nimenyoa nao kwa mara ya kwanza. Nilishika kama digrii 30, ngozi nimeivuta. Shavu la kulia umepita kimya, sikusikia kitu, nikapitisha kidole nikakuta pamekwisha. Nilisimama kwanza. Kidevuni na chini ya pua, ninapotumia ncha, umekuwa ukivuta na kuuma, nikaacha nisije nikajikata.

#13 Mnoaji

Mwanagenzi, hongera ya dhati kabisa. Shavu moja la kimya ni kwamba 1000 yako ilifanya kazi katikati. Ncha haijajengwa. Usiende kwenye mkanda, usiende 8000. Rudi chini: wino kwenye milimita 15 za mbele, pande zote, tepu mpya, kinoo cha 1000, mara tano. Tuambie wino umebaki upande gani.

#14 Mwanagenzi

Umebaki upande mmoja tu, wenye maandishi, kama milimita nane kutoka kwenye ncha. Upande wa pili umefutika wote.

#15 Mnoaji

Basi upande huo mkono wako unainua ncha unapofika mwisho wa mwendo. Shusha kiwiko, kiende sambamba na kinoo, na malizia ncha ikiwa bado juu ya jiwe. Piga kumi, wino tena.